Mlango Ukifungwa, Nani Anapashwa Kutoa Sababu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana kwenye mazungumzo ya mtaa, Lubumbashi

Najua wengi wenu mulikuja kwa mguu, na jua la leo haliko la mchezo.

Niliombwa niseme juu ya ubaguzi. Wengine wanangoja nianze na habari ya kazi, habari ya kabila, habari ya "wewe ni mtoto wa nani". Tutafika kule, musiwe na wasiwasi. Lakini kwanza nataka tuangalie fasi moja penye watu hawafikirie: filamu na maseri tunazoangaliaka kwenye simu. Juu ya nini? Juu kule maswali yanaonekana wazi kuliko hapa kwetu. Hapa kwetu kila mtu anamwogopa mtu fulani. Kule watu walienda mpaka tribinali, waliandika, walihesabu, na leo tunaweza kusoma namna mambo yalivyopita.

Tuanze na jina moja: Afrostream. Nani kati yenu analijua? Mikono miwili, mitatu. Sawa.

Afrostream ilikuwa jukwaa la filamu kwenye intaneti. Unalipa abonema ya mwezi, unaangalia. Sawa vile Netflix, lakini yenyewe ilichagua kitu kimoja: filamu na maseri za watu Weusi. Za Marekani, za Karibi, za Afrika, Nollywood ndani yake, na yote kwa watu wanaosikia Kifaransa. Aliyeianzisha ni Tonjé Bakang, Mfaransa mwenye asili ya Kamerun. Mwaka 2015 ilipokelewa kule California kwenye Y Combinator, shule ile kubwa inayosaidia makampuni machanga. Kijana Mweusi kutoka Ufaransa kuingia mule haikuwa kitu kidogo. Wakongomani wa Paris na Bruxelles walifurahi, juu hatimaye mtoto wao angeweza kuwasha televisheni na kukuta daktari Mweusi, avoka Mweusi, mapenzi ya watu Weusi, hapana kila siku mwizi na muuza madawa.

Mwezi wa 9 mwaka 2017, Afrostream ilifungwa. Ilikuwa imeishi miaka 2 tu.

Watu walikasirika. Mtu analipa, anapenda, anaambia wenzake, kisha siku moja kitu hakiko tena. Swali likaja mbio: wametufunga juu sisi ni Weusi?

Ndugu zangu, hili swali ndilo nataka tulishike leo. Halina ubaya. Ila jibu lake linaomba kazi. Mtu akijibu "ndiyo" bila kuchunguza, atashindwa siku akiulizwa ushahidi. Na mwenye kujibu "hapana, ni biashara tu" bila kuchunguza, amefanyia wakubwa kazi yao bila kulipwa.

Basi tuchunguze.

Mwanzilishi mwenyewe ndiye aliyewaaga watu kwa barua. Hakuandika kwamba alifungwa juu ya rangi yake. Alisema habari ya makuta: haki za filamu ni ghali. Tuelewe hii biashara, juu wengi wanafikiri kwamba kuwa na jukwaa ni kuwa na kompyuta kubwa yenye filamu ndani. Hapana. Filamu haiko yako. Unakodi haki ya kuionyesha, kwa nchi fulani, kwa luga fulani, kwa muda fulani. Ukitaka Ufaransa, unalipia Ufaransa. Ukitaka Kote d'Ivoire, hiyo ni mazungumzo mengine. Na studio kubwa haikungoji upate watazamaji kwanza. Inasema: utatulipa kiasi fulani, watu waangalie ao wasiangalie. Makuta yanatoka mfukoni mwako mbele hata mtu mmoja hajajiandikisha. Juu yake weka kutafsiri, kuandika maneno chini ya picha, kulipa serveri, kulipa matangazo. Kama makuta yote yameenda kwa haki, ya matangazo hayabaki. Bila matangazo watu hawakujui. Bila watu, mwezi unaofuata unashindwa kulipa haki. Ni mzunguko ambao unakamata kila mdogo, awe Mweusi ao Mzungu.

Na mbele yake alikuwa nani? Netflix iliingia Ufaransa mwezi wa 9 mwaka 2014, mwaka mmoja tu mbele ya Afrostream. Mwaka 2017 ilipita abonema milioni 100 ulimwenguni. Mwenye abonema milioni 100 anaweza kununua filamu kwa ulimwengu wote kwa mara moja. Wewe mdogo unanunua nchi kwa nchi. Muko sokoni pamoja, lakini hamuko na mfuko mmoja.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: kufungwa kwa Afrostream kuko na sababu ya makuta, na sababu hiyo ni ya kweli. Mtu asiwadanganye.

Sasa tupige hatua ya pili. Juu ya nini ilihitajika kuwa na jukwaa la pembeni kwa filamu za Weusi? Juu ya nini filamu zile hazikuwa tayari kwenye televisheni ya kila mtu?

Kule Hollywood kulikuwa na neno moja ambalo wakubwa walikuwa wanalirudilia miaka na miaka: filamu za Weusi hazisafiri. Maana yake, Mmarekani ataiangalia, lakini Mfaransa, Mchina, Mrusi hawataingia kwenye sinema kuona Mweusi akiwa mtu wa kwanza. Mwisho wa mwaka 2014 watu waliiba barua za ndani za kampuni ya Sony na kuzitupa hadharani. Ndani yake mlikuwa barua ya mtu mmoja wa filamu, akizungumza juu ya Denzel Washington na filamu yake The Equalizer. Alikuwa anauliza kama inafaa kumweka Mweusi mbele wakati watazamaji wa nchi za inje ni wabaguzi. Angalia namna anavyosema: mimi siko mbaguzi, ni watazamaji. Kila mtu anasukumia mwingine. Mwenye studio anasema ni mwenye sinema, mwenye sinema anasema ni mteja, na mteja hakuna siku aliyoulizwa. The Equalizer yenyewe ilipata zaidi ya dolari milioni 190 ulimwenguni, na karibu nusu ilitoka inje ya Marekani. Kisha mwaka 2018 ikaja Black Panther, ikapita dolari miliardi 1.3, na tena karibu nusu ilitoka inje ya Marekani na Kanada. Ilisafiri ao haikusafiri?

Kwa hiyo lile neno halikuwa hesabu. Ilikuwa desturi iliyovaa koti ya hesabu. Mwezi wa 3 mwaka 2021 wapima-biashara wa McKinsey walikadiria kwamba Hollywood inapoteza kama dolari miliardi 10 kila mwaka juu ya kufungia Weusi milango. Haiko kanisa linasema, haiko chama cha haki za binadamu. Ni watu wa faida wanaosema: ubaguzi wenu unawakosesha faida.

Na Ufaransa je? Mwezi wa 5 mwaka 2018, miezi 8 kisha Afrostream kufungwa, waigizaji wanawake 16, Weusi na wenye damu mbili, walitoa kitabu pamoja: Noire n'est pas mon métier, kwa kusema "kuwa Mweusi si kazi yangu". Aïssa Maïga ndiye aliyewakusanya. Walieleza kazi wanazopewa: yaya, kahaba, mtu asiye na karatasi. Walipanda pamoja ngazi za Cannes mbele ya kamera za ulimwengu. Na mwezi wa 2 mwaka 2020, kwenye sherehe ya César, Aïssa Maïga alisimama jukwaani akawaambia kwamba yeye kila mara akiingia kwenye mkutano wa watu wa sinema anahesabu Weusi wako wangapi mule ndani. Wengine walikunja uso. Lakini kuhesabu haiko matusi. Kuhesabu ni mwanzo wa ushahidi, tutarudi kwa hiyo.

Basi munaona hatua mbili. Siku ya kufunga, sababu ilikuwa makuta. Lakini makuta yalikosekana ndani ya soko ambalo tangu zamani lilipangwa na watu waliokwisha kuamua kwamba hadithi zetu hazina bei. Hakuna mtu aliyesimama na ufunguo akisema "ninyi Weusi, tokeni". Ndiyo maana ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuushika. Hauna mkono mmoja.

Sasa hatua ya tatu, na hapa ndipo mambo yanakuwa makali: tribinali. Mtu akisema "mulinibagua", nani anapashwa kuonyesha?

Kuna Mmarekani Mweusi mmoja, Byron Allen. Alianza na kazi ya kuchekesha watu, kisha akaanzisha kampuni ya televisheni mwaka 1993, na shaneli zake mwenyewe za kuchekesha, za kupika, za mambo ya tribinali. Aliomba Comcast izipitishe. Comcast ni kampuni kubwa sana ya kebo kule Marekani. Ukiwa haumo mule, mamilioni ya nyumba hayakuoni. Comcast ilikataa. Mwaka 2015 akaipeleka tribinali na kuomba dolari miliardi 20. Alishika sheria ya mwaka 1866, ile iliyotungwa mara tu utumwa ulipoisha, inayosema kila mtu ana haki sawa na Mzungu ya kufanya kontra.

Comcast ilijibu nini? Sikilizeni vizuri, juu haya majibu munayajua. Walisema: shaneli zako hazina wateja wa kutosha. Walisema: nafasi kwenye kebo ni ndogo. Walisema: sisi tunapendelea habari na michezo. Allen akasema: hizo ni sababu za kufunika, juu muliingiza wengine wenye wateja wachache kuliko mimi.

Kesi ilipanda na kushuka mpaka ikafika kwenye tribinali kuu ya Marekani. Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 2020, majaji wote 9 walitoa sauti moja, na jaji Neil Gorsuch ndiye aliyeandika. Walisema: haitoshi uonyeshe kwamba rangi ilikuwa sababu moja kati ya sababu nyingi. Unapashwa kuonyesha kwamba kama singekuwa rangi yako, ungepewa hiyo kontra. Na unapashwa kubeba huo mzigo tangu mwanzo wa kesi mpaka mwisho.

Fikirini uzito wake. Wewe uko inje ya mlango. Karatasi zote ziko ndani: waliokubaliwa, waliokataliwa, mambo waliyoandikiana. Na ni wewe wa inje unayeombwa kueleza kichwa cha mtu wa ndani kilifikiri nini. Kesi ilirudishwa tribinali ya chini, na mwezi wa 6 mwaka ule ule wakasikilizana: Comcast ikakubali kupitisha shaneli tatu za Allen. Wengine wanasema alishinda, wengine wanasema alishindwa. Mimi ninasema kila mtu Mweusi wa Marekani asiye na makuta ya Byron Allen alibaki na mzigo mzito zaidi kuliko mbele.

Ufaransa walichukua njia nyingine. Sheria ya tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka 2008 inasema hivi, kwa kifupi: mwenye kulalamika alete mambo yanayofanya mtu afikiri kwamba ubaguzi uko. Akifanya hivyo, mzigo unahama. Sasa ni yule mwingine anapashwa kuonyesha kwamba uamuzi wake ulikuwa na sababu safi, isiyohusu rangi wala asili. Mumeona tofauti? Wa inje analeta alama, wa ndani analeta karatasi. Na tangu mwaka 2006 sheria yao ya adhabu inakubali hata jaribio lile la barua mbili: unatuma maombi mawili, masomo sawa, uzoefu sawa, jina tu linabadilika. Mmoja anaitwa, mwingine anakaa kimya cha miezi. Ile karatasi unaweza kuipeleka mbele ya jaji.

Sisemi kwamba Ufaransa ubaguzi umeisha. Wale wanawake 16 wa Cannes waliandika kitabu chao miaka 10 kisha sheria ile kutungwa. Sheria haimfungulii mtu mlango yenyewe. Lakini inaamua nani atoe jasho siku ya kesi, na hiyo haiko jambo dogo.

Sasa turudi kwetu, niliahidi.

Mimi niko na diploma ya chuo kikuu. Niko na miaka 26 na sina kazi. Sisemi hivi kusudi munihurumie, hapa ndani tuko wengi. Mwaka uliopita nilipeleka maombi kwenye kampuni moja, jina tuliache. Tulifanya mtihani, matokeo hayakubandikwa. Kwenye mazungumzo mtu aliniuliza: "Jina hili ni la upande gani?" Nilijibu. Akaandika kitu. Kisha tuliambiwa kwamba nafasi imefungwa. Hawakutuma barua, hawakutoa sababu. Mlinzi wa mlango ndiye aliyetuambia.

Nilibaguliwa? Siwezi kuapa. Pengine makuta yalikosekana kweli. Pengine walipata mtu bora, na sina neno juu ya mtu bora. Lakini angalieni niko fasi gani: niko fasi ile ile ya watu wa Afrostream na ya Byron Allen. Niko inje, karatasi ziko ndani, na kila nikiuliza ninaambiwa "lete ushahidi".

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 13, inasema hakuna Mkongomani anayeweza kubaguliwa, kwenye masomo, kwenye kuingia kazi za serikali wala kwenye jambo jingine lolote, juu ya dini, asili ya jamaa, hali ya maisha, fasi anayoishi, mawazo yake, rangi, kabila, ao luga. Ni maneno mazuri sana. Kila chama kinayasoma kwenye redio. Lakini kifungu bila mtu wa kuombwa sababu ni sawa na abonema ya jukwaa lililofungwa: uko na karatasi mkononi, ndani hamuna kitu.

Kuna wanaosema: "Ninyi vijana munaona kabila kila fasi. Someni, mutafute, acheni kulialia." Nawaheshimu wazee wanaosema hivyo, na kuna kweli ndani yake. Kuna mwenzetu ambaye hakujitayarisha, akashindwa mtihani, akasema ni kabila. Ule uongo unatuumiza sisi wote, juu siku ile nyingine, mwenye kubaguliwa kweli atakuja kusema, na watu watamcheka. Kulalamika bila kipimo ni kumtengenezea mbaguzi fasi ya kujificha. Lakini wazee nao watujibu: kama kila kitu kiko safi, juu ya nini matokeo hayabandikwi?

Kuna mfano mmoja wa mwisho ambao nataka muende nao. Mwezi wa 10 mwaka 2018, kule Marekani, kampuni moja kubwa, ile yenye Warner Bros, ilifunga majukwaa mawili madogo. La kwanza ni DramaFever, jukwaa la maseri za Korea na Asia, ambalo vijana wawili wenye asili ya Korea walilianzisha mwaka 2009. Tarehe 16 walitangaza, na tarehe 16 ile ile ikazimwa. Mtu alikuwa katikati ya seri, hakumaliza. Siku 10 kisha, wakatangaza kwamba watafunga FilmStruck, jukwaa la filamu za zamani na za ufundi. Hili lilipewa zaidi ya mwezi mmoja, mpaka tarehe 29 ya mwezi wa 11. Ndani ya ule mwezi watu waliweka sahihi kwa maelfu. Martin Scorsese, Steven Spielberg na wakubwa wengine wa sinema wakaandika barua. Na mwezi wa 4 mwaka 2019 likazaliwa jukwaa jipya, Criterion Channel, linalobeba sehemu kubwa ya filamu zile.

Tuseme ni ubaguzi, kwamba watu wa maseri za Asia walidharauliwa na watu wa Scorsese wakaheshimiwa? Polepole. Kampuni ya Criterion ilikuwa na filamu zake na jina lake tangu miaka mingi, ilikuwa na kitu cha kuanzia. Tofauti ile peke yake haihukumu mtu. Lakini inatufundisha vitu viwili tunavyoweza kufanya hata bila makuta. Kwanza, kulinganisha: mlango huu na mlango ule, mtu huyu na mtu yule, nani alipewa muda, nani hakupewa. Pili, sauti ya pamoja inahitaji muda, na ndiyo maana mwenye kufunga kwa haraka anapenda haraka. Aliyefungiwa asubuhi na hakuambiwa neno, mpaka jioni kila mmoja amelala na hasira yake kwenye nyumba yake.

Kwa hiyo tunaomba nini? Nitasema mambo manne, kisha nakaa.

La kwanza: tuombe sababu kwa maandishi. Kila mara. Umekataliwa kazi, umekataliwa bursi, umefungiwa kitu ulicholipia, andika barua fupi ya heshima: "Bwana mkubwa, naomba kujua sababu ya uamuzi huu." Chunga kopi, andika tarehe. Wasipojibu, kimya chao nacho ni karatasi.

La pili: tuhesabu. Sawa vile Aïssa Maïga alivyohesabu. Hapana kwa chuki, hapana kutaja kabila la mtu kusudi tumtukane. Waliofanya mtihani walikuwa wangapi, waliochukuliwa ni wangapi, walitoka wapi, matokeo yalibandikwa siku gani. Mtu mmoja akisema "nilibaguliwa" ni manung'uniko. Watu 40 wenye tarehe na karatasi ni jambo ambalo avoka anaweza kulibeba.

La tatu: tuombe wabunge wetu, wa mkoa na wa taifa, sheria inayohamisha mzigo. Tusijidanganye kwamba kifungu cha 13 kitatembea peke yake. Tunataka iandikwe wazi: mwenye kulalamika akileta alama za kweli, basi aliyekataa ndiye aonyeshe sababu yake. Mwenye sababu safi hatapoteza kitu. Atafungua droo, atatoa karatasi, tutamwomba radhi na kwenda nyumbani. Anayeogopa sheria hii, tujiulize droo yake iko na nini.

La nne, na hili ni letu wenyewe: tusingoje wengine watuchungie hadithi zetu. Filamu za vijana wa Lubumbashi, wa Goma, wa Kisangani, nyimbo, vichekesho, ziko wapi leo? Ziko kwenye jukwaa la mtu mwingine, ambaye anaweza kuzima kesho. Tuchunge kopi kwetu. Diski moja kwa mwenye kutengeneza, nyingine kwenye maktaba ya chuo ao ya parokia, nyingine kwa rafiki wa muji mwingine. Ni rahisi, haiombi dolari miliardi 20.

Vijana wenzangu, hakuna sheria inayolazimisha kila mlango ukae wazi milele. Biashara inakufa, nafasi inajaa, makuta yanaisha, na tutayakubali hayo kama watu wazima. Lakini anayefunga aseme amefunga juu ya nini, na aseme mbele ya watu, kwa maneno ambayo tunaweza kuyapima. Tukianza kuuliza hivyo kila siku, kwa utulivu, na karatasi mkononi, itakuwa kazi ngumu sana kutubagua kimyakimya.

Sasa maswali, na wadada waanze.